Maji ya Mbao za Chuoni

Andika kama ninenavyo, Rahma, wala usinipambie. Ukifika mahali panapokugusa wewe, usiruke. Nitakutaka unisomee, na masikio yangu bado ni mazima.

Nyinyi wa rika langu mtakaosomewa haya na wajukuu zenu mnajua kwamba mimi si mwepesi wa kuzungumza mambo ya utotoni. Nimeishi mtaa huu wa Langoni, hapa Amu, tangu nilipoolewa, na jirani zangu wengi hawajui hata kwamba nilizaliwa Chundwa, kisiwa kingine. Kilichonitoa katika kimya changu ni simu ya mjukuu wangu huyu anayeandika. Alasiri moja alikuwa ameegemea mto sebuleni, kidole chake kikidonoa kioo kama kuku adonoavyo mtama, nami nikainama nyuma yake nione ni kitu gani kinachomshughulisha hata maziwa yanafurika jikoni asisikie harufu. Ndani ya kioo palikuwa na mtu juu ya farasi, amesimama kwenye lango la kijiji. Nyumba za kijiji hicho zilikuwa zimeezekwa kwa majani, kama zetu za zamani. Mwanamke mmoja alitoka na kata ya maji, akamnyoshea mgeni. Hapo pakatokea maandishi mawili juu ya kichwa cha yule mwanamke, nami nikamwuliza Rahma yanasemaje.

"Hapa unachagua, Bibi," akaniambia. "Huku ni kuwalinda, huku ni kuwachoma."

Kabla sijamaliza kuvuta pumzi, alikuwa amekwisha kuchoma.

Nilimwuliza kosa la yule mwanamke. Akasema hana kosa lolote, ila yeye Rahma alikwisha kuumaliza mchezo huo wote kwa njia ya wema, na njia ya wema haina kitu: unasaidia watu, wanakushukuru, basi. Njia ya uovu ndiyo yenye farasi mweusi na upanga unaowaka moto. Wenzake skuli, hasa wale waliokuja na wazazi wao kutoka bara kwa kazi za serikali, wote wamekwisha kuipita, na yeye peke yake ndiye aliyebaki nyuma akipewa shukrani. Akaniambia kwa upole kabisa, kama anayemweleza mgonjwa: "Sina chuki nao, Bibi. Nataka kuona tu itakuwaje. Ni gemu, hawa si watu wa kweli."

"Najua hao si wa kweli," nikamjibu. "Nauliza kama wewe ni wa kweli."

Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akasema basi, atarudi nyuma hadi pale langoni achague upya, awalinde, kwa kuwa mchezo unaruhusu. Hapo ndipo hasira ziliponipanda hasa. Wema unaofanywa kwa sababu bibi amesimama nyuma ya mto si wema, ni woga uliovaa kanzu. Na uovu unaofutika kwa kidole humfundisha mtu kuamini kwamba kila uovu umetengenezewa mahali pa kufutiwa. Nikamwamuru azime mchezo, afungue penye kuandikiwa, akae mbele yangu. Maneno yale, "nataka kuona tu", niliwahi kuyasikia kabla mama yake hajazaliwa, na aliyeyasema alikuwa na uso mzuri na upole ule ule.

Jina lake ni Zena. Ni binti wa mamangu mkubwa, na alinitangulia kuzaliwa kwa Ramadhani mbili tatu. Alikuwa mrefu, mwenye sauti iliyopasua upepo, na sisi wadogo tulimfuata kila aendako kwa sababu popote alipokuwa Zena palikuwa na jambo. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani. Skuli ya serikali mimi sikuiona hata kwa nje. Chuoni ndiko pekee nilikoonja kusoma. Tulikaa mkekani barazani kwa Mwalimu, kila mtoto na ubao wake wa mti uliolainishwa kwa miaka ya viganja, na juu ya ubao Mwalimu alituandikia kwa kalamu ya tete. Wino aliutengeneza mwenyewe kwa masizi ya chungu na utomvu wa mgunga. Harufu yake naisikia hadi leo: moshi, chuma chenye maji, na kitu kitamu kidogo mwishoni. Nilikuwa naunusa ubao wangu kabla ya kuusoma. Wenzangu walinicheka kwa hilo, lakini mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza katika rika letu kuunganisha herufi, na siku niliyozishika tatu zikawa neno, Mwalimu aliita mkewe atoke ukumbini asikie.

Maneno ya ubao yakishahifadhiwa kichwani, ubao huoshwa ili uandikwe mengine. Wale wenzangu waliokulia visiwani wanajua maji hayo si maji ya kumwaga ovyo. Ni maji yaliyochukua maneno ya Mungu. Hayapitiwi na mguu wa mtu wala kwato za punda. Mwalimu alikuwa amechimba kishimo chini ya ukuta wa msikiti, upande wa kibla, akakifunika kwa bamba la jiwe. Kila Jumatano alasiri mbao zote zilioshwa katika chungu kimoja, na mtoto mmoja aliyeaminiwa akakipeleka chungu hicho kishimoni. Kuaminiwa huko kulikuwa fahari kuu. Watoto walikesha wakiiota.

Sasa nieleze mchezo wetu. Siku moja Mwalimu alitufundisha kwamba kila mtu ana malaika wawili wanaoandika, mmoja wa mema na mmoja wa maovu, lakini kwa mtoto mdogo kalamu imeinuliwa. Maovu yake hayaandikwi mpaka abaleghe. Akaongeza kwamba mema yake hayapotei. Kila mmoja wetu alikwenda nyumbani na nusu iliyompendeza. Zena aliichukua nusu ya kwanza, na kesho yake alikwisha kuitengenezea mchezo.

Tulitezea katika gofu moja la nyumba, nyuma ya mashamba ya tumbaku. Zena alichora mstari kwa kisigino. Waliotaka kuwa malaika walisimama upande mmoja, waliotaka kuwa mashetani upande wa pili. Kisha aliinua kijiti juu na kutamka kwamba kalamu imeinuliwa, na tangu hapo hadi atakapokishusha, mashetani walifanya walitakalo: kufungua mbuzi wa watu, kumwaga mchanga katika vijungu vya wasichana waliokuwa wakipikapika, kuzusha uongo. Kazi ya malaika ilikuwa kuwafuata nyuma na kutengeneza kilichoharibiwa, na sharti lao lilikuwa moja: malaika hasemi. Malaika huandika tu. Akisema, mchezo umeharibika na lawama ni yake.

Mstari ukichorwa, watoto walikimbilia kwenye ushetani kama wanaokimbilia halua. Huko ndiko kulikokuwa na kicheko. Upande wangu mara nyingi nilisimama peke yangu, na msidhani nilikuwa mwema kuliko wao. Niliupenda umalaika kwa sababu ulikuwa na kuandika. Nilichukua unyasi nikaandika mavumbini kila alichofanya Zena kwa zile herufi chache nilizokuwa nazo, mbuzi kwa herufi ya mbuzi, mchanga kwa herufi ya mchanga, nikifunga mbuzi kwa mkono mmoja na kuandika kwa wa pili. Nilikuwa mtoto mdogo wa akili. Niliamini kwamba mchezo ule ulikuwa na sheria yake mbinguni, na kwamba malaika wa mchezo akisema, malaika wa kweli atainuka begani na kuondoka.

Jumatano moja Mwalimu alinipa chungu. Nilikuwa mdogo kuliko wote waliowahi kupewa. Nilikishika kwa mikono miwili kifuani, maji meusi yakicheza ukingoni, na nilitembea nikitazama kila jiwe. Penye kona ya njia iendayo msikitini nilimkuta Zena amesimama peke yake. Akaniangalia, akaangalia chungu, akaokota kijiti, akakiinua. Akatamka maneno ya kuanzia mchezo. Kisha akanyosha mguu, bila haraka, akakisukuma chungu kifuani pangu kwa unyayo.

Maji yalimwagika katikati ya njia. Sikulia. Nawaambieni kweli, nilifikiri ni mchezo mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuteza, na kwamba sehemu yangu ndiyo nzito. Nilipiga magoti nikaanza kuyazoa yale matope meusi kwa viganja na kuyarudisha chunguni, kwa sababu kazi ya malaika ni kutengeneza. Punda wa mtu mmoja aliyebeba nazi akapita kando yetu, akayakanyaga. Nikazoa hata alama za kwato zake. Mikono yangu ilikuwa myeusi hadi viwiko mke wa Mwalimu alipotokea kwenye kona.

Aliuliza ni nani aliyefanya vile. Nilimtazama Zena. Kijiti bado kilikuwa juu.

"Ni yeye," Zena akasema. "Nimemkuta akiteza kwa maji ya mbao hapa ndiani, nikamkataza, hasikii."

Nilipelekwa kwa Mwalimu. Baba aliitwa kutoka shambani, akaja na harufu ya tumbaku mbichi mwilini, na wanaume wengine wawili watatu waliosikia wakakaa nje barazani. Mwalimu hakunipiga, na sijawahi kumchukia. Alinikalisha mbele yake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni mimi. Nilinyamaza. Zena alikuwa mlangoni, na nilikuwa nikingoja akishushe kile kijiti, au kama amekitupa, aseme tu yale maneno ya kufungia. Nilimngoja kwa macho yangu yote. Baba akaniinamia, akasema, "Nena, mwanangu. Ukinena si wewe, nitakuamini wewe kuliko nti nzima na watu wake."

Hilo ndilo neno bora nililowahi kuambiwa na mwanamume yeyote duniani, na nililijibu kwa kimya.

Mnajua wenyewe kimya cha mtoto wa kike kwetu ni nini. Akiposwa akaulizwa akanyamaza, amekubali. Huandikiwa ndoa kwa kimya hicho. Hakuna aliyenifundisha kwamba kimya kina tafsiri, na hakuna mle ndani aliyekuwa na tafsiri nyingine isipokuwa hiyo. Mwalimu alivuta pumzi, akamtazama Baba, na Baba akaangalia chini. Nilimwona akizeeka pale pale. Baba akasema mikono iliyoyatupa maneno ya Mungu chini ya punda haitashika ubao tena, asije akapata dhambi mbili, ya kwangu na ya kwake. Akaubeba ubao wangu kwapani, akanishika mkono, tukatoka.

Rahma ameacha kuandika, ananiuliza kwa nini nisiseme tu. Andika swali lako pia, usilifiche. Wale wachache niliopata kuwadokezea habari hii wote wameuliza hilo hilo. Swali la "kwa nini hukusema" huulizwa aliyemwagiwa. Aliyemwaga haulizwi kitu. Yeye huulizwa hali na watoto.

Nyumbani Mama alinipa ukili nisuke mikeka. Wino ulikaa ndani ya kucha zangu, na kila jioni niliutazama ukipungua. Nilijua ukiisha nitakuwa sina tena kitu cha chuoni mwilini mwangu, kwa hiyo niliacha kunawa vizuri. Asubuhi nilisikia sauti za wenzangu zikipita juu ya kuta, zikisoma kwa pamoja, na nilipopajua mahali walipofika nilisuka kwa mwendo wao. Nilikuwa bado nangoja. Katika hesabu yangu mchezo haujaisha; ukiisha, Zena atakwenda kwa Mwalimu aeleze, na mimi nitarudi mkekani. Hatimaye nilimkuta kisimani, nikamwuliza kwa siri lini atakishusha kijiti.

Alinishangaa kweli. Hakuwa anaigiza. "Mtezo ule?" akasema. "Ulikwisha siku ile ile. Hukuwapo ndipo hukusikia."

Nikamwuliza kwa nini alifanya vile. Akafikiri, ndoo kichwani, maji yakimdondokea begani, akasema, "Nilitaka kuona tu utafanyaje." Kisha akaniuliza yeye mwenyewe mbona sikusema.

Watu wanaojifanya wajuzi wa nyoyo hunitafutia sababu. Husema alikuwa na wivu, kwa kuwa yeye mkubwa alikuwa bado hajaunganisha herufi. Wivu ningeuelewa. Mwenye wivu ameona una kitu, akakitaka. Zena hakutaka kitu changu. Alikuwa na chungu cha maji mbele yake na njia mbili za kuchagua, na moja ilikuwa na la kutazama zaidi.

Nilimwendea Mama nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishika kidevu, na nadhani aliniamini. Lakini akasema neno lililoachwa siku yake likasemwa baadaye huwa uzushi, na Baba hakuwa na uso wa kurudi kwa Mwalimu na hadithi ya vijiti. Akanitaka nisilitaje tena, wala kwake wala kwa Baba. Sikulitaja. Baba alikufa akijua ni mimi.

Zena alikhitimu. Alitembezwa mji mzima amefunikwa leso mpya, wanawake wakipiga vigelegele, na mkeka alioketi siku hiyo niliusuka mimi. Mimi niliolewa nikaletwa Amu. Nasali kwa niliyoyashika kwa sikio. Mwezi wa Ramadhani wanawake wa mtaa wetu wanapokusanyika na kugawana juzuu, kila mmoja na yake, mimi huwa na kazi nyingi ghafla. Buli la kahawa halina mwenyewe, tende hazijapangwa, mtoto wa mtu analia. Wamezoea kusema Bi mkubwa hapendi kukaa. Sijawakosoa. Hata dawa zangu za presha huzitambua kwa rangi ya kifuniko, na walipobadilisha vifuniko mwaka uliopita nilikunywa zisizo zangu mpaka Rahma aliporudi kutoka skuli.

Basi sikilizeni kilichotokea, kwa maana hasira zangu hazikuwa bila sababu. Siku chache kabla ya yule mwanamke wa kwenye simu kuchomwa, mwana wa Zena alikuja kunitazama kutoka Mokowe, ambako mamake anaishi naye. Kijana wa adabu, alinibusu mkono. Akasema mamake amejaaliwa kwenda Hija mwaka huu, na kama ilivyo desturi kabla ya safari hiyo, anaomba radhi kwa ndugu na majirani. Nikamwuliza ni radhi ya jambo gani. Akasema hakuelezwa, ni mambo ya utotoni tu, lakini ameleta sauti yake. Akanishikia simu sikioni.

Sauti imezeeka, ila upepo bado inaupasua. "Dada yangu," ikasema, "tulikuwa watoto, na kalamu ilikuwa imeinuliwa. Nisamehe, nami nimekusamehe."

Nilimtaka kijana airudie ile sehemu ya mwisho, nikidhani masikio yamenidanganya. Hayakunidanganya. Zena amenisamehe. Nilimpa mgeni wangu chai na mkate wa mofa, nikamwuliza hali ya watoto wake, nikamwambia amwambie mamake nimesikia. Akangoja niongeze. Nikakusanya vikombe.

Najua mtakavyosema mkishasomewa. Mtasema sisi wazee tuna siku chache, na anayeendea nyumba ya Mungu hazuiliwi mlangoni. Mimi simzuii. Lakini hata mimi nisiyesoma nimesikia mimbarini mara nyingi kwamba dhambi ya mja na Mola wake Mola huisamehe apendapo, na haki ya mja juu ya mja mwenzake hungoja mwenyewe. Kalamu kuinuliwa kwa mtoto ni jambo la mbinguni, na sibishani nalo. Huku chini maji yalimwagika. Na Zena hajawa mtoto kwa miaka mingi sana. Kila siku ya miaka hiyo alikuwa na mdomo, na nyumba ya Baba ilikuwa njiani pake. Baba aliishi muda mrefu. Angeweza kuambiwa.

Sitaki alie, wala sitaki aletwe hapa kwa mashua akishikwa mikono. Nataka aseme ni nini anachoombea radhi. Akitaje kwa jina lake, chungu, mguu, uongo, na Baba, mbele ya mwanawe aliyeambiwa ni mambo ya utotoni. Akishasema, ataniuliza tena, nami nitamjibu siku hiyo. Sijui nitajibu nini, na yeye pia asijidai kujua.

Kwa hiyo, Rahma, kabla hujawapelekea hawa wenzangu, mpelekee yeye kwanza. Unaniuliza kama umsomee kwa sauti, kwa kuwa macho ya watu wa umri huo hayashiki maandishi madogo. Hapana. Mtumie yalivyoandikwa, ayasome mwenyewe hadi mwisho. Yeye alisoma.